Meza Niliyoiombea

Mwanangu aliacha kunywa maji.

Asubuhi ukimpa chai, analowesha midomo tu. Chupa ya maji niliyomfungia inarudi kutoka shule imejaa vilevile.

"Sina kiu, mama."

Jua la kupasua mawe, mtoto hana kiu! Nikajua hapa kuna mkono wa mtu. Nikafunga, nikaomba mpaka magoti yakaota sugu.

Jumatatu akaanguka kwenye mstari wa shule.

Nilimkuta hospitali, dripu mkononi. Daktari alinikuta nakemea pepo, akanivuta pembeni.

"Mama, huyu hana pepo. Hanywi maji, na anabana mkojo kutwa nzima. Maambukizi yamefika kwenye figo. Wewe omba, mimi nitibu."

Nikamshika mwanangu mkono. "Nani amekukataza kunywa?"

Akavuta shuka hadi kidevuni.

"Sema, mama yangu. Mwenzio nakufa."

"Nikinywa nitataka kwenda chooni. Choo cha wasichana hakina milango. Wavulana wanakuja kuchungulia, wanacheka."

"Milango imekwenda wapi?"

Akageukia ukutani. "Ulifurahi sana, mama. Sikutaka kukuharibia."

Furaha hiyo nikaijua ni ipi.

Mimi ni fundi cherehani. Utotoni sikusoma, kwa hiyo kila jioni naenda ngumbaru, kisomo cha watu wazima, kwenye shule hiyohiyo ya mwanangu. Tulikuwa tunaandikia magotini. Nikamlilia Mungu atupe meza.

Mwezi haukuisha, kamati ya shule ikatuletea meza mbili ndefu!

Nilitoa ushuhuda mbele ya waumini, sauti ikanikauka. Nikazishonea vitambaa vya maua. Nyumbani nikaimba wimbo wa shukrani, na mwanangu akaniitikia.

Akaniitikia, jamani.

Choo cha wanafunzi sikuwahi kukiona. Sisi wa jioni tulitumia cha walimu.

Siku ile nilitoka hospitali moja kwa moja hadi darasani. Nikafunua kitambaa changu mwenyewe, nikainama chini ya meza.

Alama za bawaba. Tundu la komeo. Na maandishi ya rangi nyeupe yaliyofifia, nikayasoma herufi kwa herufi, bila mwalimu:

WASICHANA.

Nilipiga magoti pale pale. Maneno ya kuomba sikuyapata.

Mwenyekiti wa kamati nilimkuta ofisini, anachokonoa meno.

"Si nyie ngumbaru mlitaka meza? Mbao zingeshuka kutoka mbinguni?"

"Mwanangu yuko kwenye dripu, mwenyekiti."

"Pole. Ila choo ni choo, kiwe na mlango kisiwe nao. Kama una uchungu sana, si ugombee?"

"Nitagombea."

Akacheka mpaka kijiti kikamdondoka. "Wewe? Hata jina lako unaliandika kwa jasho!"

"Kwa jasho, ndiyo. Lakini nikiliandika, halifutiki."

Uchaguzi wa kamati ni Jumamosi. Wazazi wengine wananiita kichaa. Wengine wanasema nitulie, mtoto atapona tu. Atapona lini? Figo moja bado inasuasua.

Naandika haya kando ya kitanda chake, daftari magotini. Kwenye ile meza sirudi tena.

Jana nilimpa maji. Akakishika kikombe, akanitazama.

"Mama, choo cha hapa kina mlango?"

"Kina, mwanangu. Na komeo."

Akanywa yote, akaomba mengine.

Mzazi mwenzangu, Mungu anajibu, mimi siachi kuomba. Lakini ukipokea ulichokililia, kabla hujasema amina, inama kwanza utazame chini yake.