Bunge Imeomba

Kazi yangu ni kueleza kwa Kiswahili yale yanayopita Bungeni. Naifanyia tovuti ndogo yenye ofisi katikati ya jiji, orofa ya juu, na chini yetu ni maduka ya sare za shule na mafundi wa saa. Kila wiki naandika mswada upi umesomwa mara ya kwanza, upi umepelekwa kwa kamati, hoja ipi imejadiliwa na ipi imeachwa. Hakuna aliyenifundisha. Nilitazama vikao kwenye simu, nikawa nasimamisha kila Spika alipotamka jambo nisilolielewa, mpaka nikajua kwamba mswada kusomwa mara ya kwanza hakumaanishi kwamba kuna mtu aliyeusoma. Karani husimama, hulitaja jina la mswada, huketi. Basi.

Mtu aliyejifunza mwenyewe haamini kwamba amejifunza. Mimi sijui kuachilia sentensi. Kabla ya kuituma naenda msalani niisome kwa sauti, kwa sababu naona haya wenzangu wakinisikia, kisha narudi nabadilisha neno, kisha nalirudisha lilipokuwa. Nikikuta upatanisho mbaya wa ngeli katika kitu nilichokwisha kutuma, siku nzima nauandika upya kichwani. Nyumbani, Anti akisema "kitu yangu" au "hii maua", nameza mate. Sijawahi kumsahihisha, lakini nadhani anajua ninavyomeza.

Anti ni mdogo wake mama, na ndiye ninayeishi naye. Anauza miche kando ya barabara Kileleshwa, katika kile kipande cha ardhi kati ya lami na ukuta wa magorofa. Ana maua ya kila rangi, miche ya kayaba ya kuzungushia ua, rosmari, miti ya matunda. Wateja wake husimamisha magari, hushusha kioo, huuliza bila kushuka. Kipande hicho ni cha barabara, si chake, na hilo alilijua tangu siku ya kwanza. Ndiyo maana kila kitu chake kilikaa ndani ya karatasi nyeusi za plastiki, hata miti iliyonipita kimo. Mche ukikaa mahali pamoja muda mrefu, mizizi hutoboa karatasi na kuingia ardhini. Kwa hiyo alikuwa akipita mara kwa mara, mstari kwa mstari, akiinua kila karatasi na kuigeuza, na ile mizizi iliyoanza kushika ilikatika kwa mlio mdogo kama wa uzi.

"Isizoee," alikuwa akisema. "Ikizoea, siku ya kuhama itakufa."

Mwaka huu mbunge mmoja alileta hoja kuhusu wauza miche wa kando ya barabara. Nilikuwa ofisini, nimevaa vipokea sauti masikioni, natazama kikao. Spika akauliza, wanaokubali waseme ndiyo. Wakasema. Wanaokataa? Sauti moja mbili, kama watu wanaosafisha koo. Ikapita.

Niliyatazama yale maneno ya hoja mpaka yakaanza kucheza. Bunge hili laihimiza serikali iwaache wauza miche mahali walipo hadi watakapotafutiwa mahali pengine. Laihimiza. Hapakuwa na neno la kuamuru wala kukataza. Hoja ikipita inakuwa azimio, na azimio la namna hiyo haligeuki sheria. Mimi nalijua hilo kama ninavyojua jina langu, lakini bado nilikwenda kulitafuta upya, nikitumaini kwamba sijui.

Mhariri wangu alisimama nyuma ya kiti changu. "Andika 'Bunge lawaokoa wauza miche'."

"Hawajaokolewa. Ni hoja tu."

"Imepita ama haijapita?"

"Imepita."

"Sasa?"

"Imehimiza, haijaamuru. Tukiandika 'lawaokoa' tunadanganya."

"Wewe dada unapenda kujitesa," akasema, lakini akaniachia. Kichwa changu cha habari kikatoka: Bunge Laihimiza Serikali Isiwafurushe Wauza Miche. Upatanisho safi, maana safi. Nilitembea kwenda kituoni nikijiona nimefanya kitu.

Nilipofika Kileleshwa, mwenyekiti wa wauza miche alikuwa amekwisha kutuma sauti yake katika kundi lao la simu. "Wapendwa, Bunge imepitisha! Tumeshinda!" Chini yake alikuwa ameweka video ya lile tukio lenyewe la wabunge wakisema ndiyo. Ile makala yangu hakuna hata mmoja aliyekuwa ameifungua. Nikamkuta Anti amepiga magoti, mikono imejaa udongo mwekundu hadi kwenye viwiko. Alikuwa ameuchana mfuko wa ule mti wake wa avokado, mkubwa kuliko yote, ambao kila mteja aliuulizia na kila mteja aliambiwa si wa kuuza. Alikuwa akiupanda ardhini.

"Kuja unishikie," akasema. "Unyooke."

Niliushika. Ningesema pale pale. Lakini alikuwa akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini, na mimi nilikuwa bado natafuta namna sahihi ya kulisema.

Usiku ule nilijaribu, tukila.

"Anti, ile ya Bunge si sheria. Ni azimio. Limeihimiza serikali."

"Si kuhimiza ni kusukuma?"

"Ni kusukuma kwa maneno."

"Mimi nimekuhimiza uolewe tangu umalize shule," akasema. "Uliolewa?"

"Sasa si hiyo ndiyo maana yake, Anti? Ulinihimiza na sikuolewa."

Alicheka, akanirushia kitambaa cha mikono. Nikadhani ameelewa. Kumbe alikuwa amecheka tu.

Tangu siku hiyo akaacha kuinua karatasi. Nilikuwa napita pale jioni kutoka kazini, naiona miche imetulia, imeshiba, majani yanang'aa kuliko zamani. Anti alinunua kiti cha plastiki. Nasema ukweli: alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona kwake, na kila nilipofungua mdomo nilihisi ni mimi ninayetaka kumfukuza.

Kisha zikaja alama za kubomolewa. Asubuhi moja wauza miche walikuta X nyekundu kwenye nguzo ya kibanda cha Anti, kwenye mawe, hata kwenye chungu kikubwa cha maua, kana kwamba chungu nacho ni nyumba. Mwenyekiti akasema hao watu wa ofisi ya barabara bado hawajapata habari za Bunge. Anti akasema hivyo hivyo. Nikamwambia tuhamishe miche. Akaniuliza kama nimeanza kufanya kazi na watu wa barabara.

Jumapili baada ya kanisa wauza miche walikutana chini ya mabati ya kibanda cha Anti, bado wamevaa nguo za ibada. Anti akanisimamisha mbele. "Huyu msichana wetu hufanya kazi ya mambo ya Bunge. Atawaambia vile iko."

Alitaka niwatulize. Mimi nilikuwa nimejiandaa juma zima, nimejisomea maelezo yangu mbele ya kioo. Nikaanza. Nikaeleza tofauti ya mswada na hoja, na ya azimio na sheria. Nikasema azimio hili lina uzito wa ushawishi lakini halina nguvu ya kushurutisha. Kila neno lilikuwa mahali pake. Walikuwa wakiitikia kwa vichwa vile watu wanavyoitikia wakati wa matangazo marefu, na nilijua, nikiwa katikati ya sentensi, kwamba hakuna kinachoingia, na bado sikuweza kuiacha kabla haijafika mwisho wake.

Mama mmoja wa kutoka Ukambani, anayeuza miche ya maembe, akainua mkono. "Mtoto wetu, asante. Lakini tuambie tu. Imepita ama haijapita?"

"Imepita, lakini..."

Makofi yakazima lile lakini.

"Si mmesikia?" Mwenyekiti akapaza sauti. "Mtoto wa Bunge mwenyewe amesema! Imepita!"

Anti alikuwa amesimama kando ya mti wake. Nikamwona akiukandamiza udongo kwenye shina kwa ncha ya kiatu chake cha kanisani, taratibu, vile mtu anavyomfunika mtoto. Nikasikia sauti yangu ikitoka kwa nguvu ambayo si yangu.

"Bunge imeomba!"

Wakanigeukia.

"Bunge imeomba. Imeomba serikali iwaache. Serikali haijajibu. Na mtu akiombwa anaweza kukataa."

Bunge limeomba, kichwa changu kilisema. Na si kuomba, ni kuhimiza, si sawa. Nilisikia kila kosa likipita mdomoni, na nikayaacha yapite.

"Imeomba tu?" akauliza mama wa maembe.

"Imeomba tu."

Akatazama ile X kwenye nguzo. "Kumbe hata wao huomba. Kama sisi."

Kuna waliocheka, kicheko kifupi kisicho na raha. Mwenyekiti hakucheka. "Na wewe sheria ulisomea wapi?"

"Sikusomea. Nilijifunza kwa simu."

Hapo ndipo walipocheka kweli. Wengine wakaondoka wakisema niache kuwatisha watu. Mama wa maembe akaanza kupiga simu papo hapo, akitafuta pikapu. Anti alitangulia nyumbani. Alivua viatu, akavifuta udongo, akalala.

Kesho yake niliomba ruhusa kazini nikamfuata. Kabla sijamwona nilisikia mlio wa mizizi ikikatika. Alikuwa mwisho wa mstari wa kayaba, ameinama, anainua karatasi moja baada ya nyingine. Safari hii mizizi haikukatika kama uzi. Ilikuwa imeingia, akawa anaivuta kwa mikono miwili, nyingine anaikata kwa panga. Nikavua sweta nikaanza upande wa pili. Mlinzi wa jengo moja la jirani alituruhusu tuiweke nyuma ya matangi ya maji, tukaibeba miche kwa toroli siku ile na iliyofuata. Mingi ilianza kunyauka kabla hata hatujaipanga.

Ule wa avokado tuliuacha mwisho. "Huu umeshika," Anti akasema. Tukachimba pembeni, tukaukata mzizi wa katikati, tukaufunga kwenye gunia na udongo wake. Akiwa anafunga kamba akauliza bila kunitazama, "Hilo neno la kuomba, ulikuwa nalo tangu lini?"

Nikamwambia sikuwa nalo mpaka pale Jumapili. Ni kweli. Lakini mpaka leo najiuliza kama lingekuja jioni ile ya kwanza nimeushika mti unyooke, laiti ningekubali kusema kitu kibovu.

Tingatinga lilikuja wiki hiyo hiyo. Mwenyekiti hakuwa amehamisha hata ua moja. Alisimama mbele ya kile chuma ameinua simu juu, sauti imefunguliwa hadi mwisho, na tukawasikia wabunge wakisema ndiyo, ndiyo, katikati ya barabara. Dereva alimsikiliza mpaka mwisho, kwa heshima.

"Mzee, hiyo ni ya Bunge," akasema. "Mimi nimetumwa na ofisi."

Akasubiri Mwenyekiti asogee. Sikutazama yaliyofuata. Namkumbuka tu akirudia kuicheza ile sauti, hata baada ya kukaa chini ukingoni mwa lami.

Sasa kuna mswada wa wauza miche. Umeletwa na mbunge yule yule, na nimeukagua neno kwa neno. Hauhimizi mtu, unaamuru, na kifungu cha kuamuru kiko wazi. Umesomwa mara ya kwanza. Niliandika hivyo kwenye tovuti, na jioni nikamwambia Anti pale nyuma ya matangi, ambako jua halifiki vizuri na wateja hawafiki kabisa.

"Hii nayo inaomba?"

"Hii ikipita mpaka mwisho itakuwa imeamua."

"Na imefika wapi?"

"Imesomwa mara moja."

"Mara moja! Na ni watu wamesoma hao." Akasonya. "Mpaka mwisho ni lini?"

Nilitafuta neno. Mswada unaweza kukaa kwa kamati hadi Bunge livunjwe, na ufe hapo bila mtu kuukataa. Nilijua namna sahihi ya kulisema. Nikasema, "Sijui, Anti."

Ule mti wa avokado umepukutika majani yote isipokuwa machache ya juu. Anti aliinama akalishika gunia lake kwa mikono miwili, akaniambia nishike upande wa pili. Tukaliinua. Chini yake mzizi mmoja mweupe ulikuwa umetoboa, mwembamba, umeanza kuutafuta udongo. Ukakatika. Tukaligeuza, tukaliweka.