Bomba la Maji na Watoto Wasio na Namba

Mtaani walimwita Waziri wa Ardhi, maana ndiye mtu pekee aliyegawa viwanja bila rushwa, na hakuna aliyepewa akarudi kulalamika. Miaka ishirini na sita alikuwa mlinzi wa makaburi, mchimbaji na mwandishi wa daftari, kazi tatu kwa kofia moja iliyotoboka.

Daftari lilikuwa na kasoro moja. Vichanga hakuwapa namba. Namba ilidai cheti, cheti kilidai jina, na mzazi aliyebeba mtoto wa siku mbili mara nyingi hana jina la kutaja. Akawazika upande wa chini, kwenye ua wa waya, na ukurasa wao akauacha mweupe. Alidhani ni huruma.

Jumatatu asubuhi akaja mpimaji wa kampuni ya maji, buti safi, vigingi vyekundu kwapani.

"Shikamoo, mzee. Bomba linapita huku chini."

"Marahaba. Halipiti, mwanangu. Sheria inakataza kuchukua ardhi yenye makaburi."

"Yenye makaburi, sawa. Iliyo tupu inachukulika. Daftari lako linasemaje?"

Ukurasa mweupe ukamkodolea macho. Mpimaji akapiga kigingi cha kwanza, nacho kikazama kama kisu kwenye siagi.

"Wamo watoto humo," mzee akasema. "Sabini hivi."

"Na hukuwaandika? Mzee, hiyo ni kesi!"

Alijua. Alijua tangu yule wa kwanza.

Mpimaji hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililotisha. Mtu mbaya unamtukana, roho ikatulia. Huyu alimsomea karatasi polepole, kama daktari: maziko yakithibitishwa, kazi inasimama. Lakini kaburi halifunuliwi bila ridhaa ya mzazi. Na mashine inaingia saa nane mchana.

"Nitafutie mzazi mmoja tu."

Wazazi walishahama. Wengine walishazaa tena. Angewagongeaje mlango na swali kama hilo? Alibaki mzazi mmoja. Mzee akatoa simu, akampigia fundi baiskeli kwa makosa mara mbili kabla ya kumpata mkewe.

"Mama watoto, wanataka kumfunua… wetu wa kwanza. Wasipomwona, mashine inapita juu ya wote."

Kifuniko cha sufuria kilisikika kikicheza jikoni.

"Nani atachimba?"

"Wana vibarua."

"Vibarua wakachimbe kwao! Chimba wewe. Na koleo usiguse, tumia mikono."

"Na wakinifunga?"

"Nitakuletea sabuni. Chimba, baba."

Akahesabu hatua kutoka kwenye nguzo ya pembeni, akapiga magoti. Aliogopa kumkuta. Aliogopa zaidi kutomkuta, kwani miaka ishirini na mbili ya udongo wa unyevu humwachia nini mtoto wa siku mbili? Udongo ukafika viwikoni. Hakuna kitu. Jasho likamwingia machoni. Mpimaji akatazama saa, kisha akaona aibu, akauficha mkono mfukoni.

Kidole kikanasa kwenye shali ya nailoni waliyomzikia.

"Yupo," mzee akasema, akaifunika kwa viganja vyote viwili asiione mtu mwingine.

Mpimaji akavua kofia. Akaandika karatasi mbili juu ya goti lake: moja ya kusimamisha mashine, nyingine ya kumripoti mzee polisi. Ya kwanza mzee akaitia sahihi papo hapo. Ya pili akaitia baadaye, baada ya kumrudishia mtoto udongo kwa mikono.