Marashi ya Kavata

Harufu yake ilikuwa nyeusi. Sijui namna nyingine ya kuieleza. Ilitoka jikoni kwa Mama Habiba, jirani yetu pale Mutomo, mke wa Msomali aliyefanya biashara ya ng'ombe. Alichemsha utomvu wa miti, ubani, sukari na mafuta mpaka sufuria ikabaki na kitu kizito kama lami. Ilikuwa miaka ya sabini, wakati wa kiangazi, na harufu hiyo ilivuka ua ikalala ndani ya mablanketi yetu. Mama yangu, mwimbaji wa kwaya, alifunga madirisha.

Mama Habiba aliyaita marashi hayo Kavata. Jina alilisikia kwa wauza mbuzi sokoni. Walisema Kavata aliishi peke yake kilimani zamani za wazee wao, akavaa ngozi mbili jua likiwaka, akajipaka utomvu mwili mzima na kuamkia miti kabla ya watu. Wengine walimsifu kwamba njaa ilipoingia aliwalisha watoto wa majirani. Nyumbani kwetu, Susu, ndivyo Wakamba tunavyomwita bibi, mama yake baba, alisema alikuwa mchawi, basi. Nilikuwa msichana mdogo, nikaamini yote mawili, na kichwa kikavurugika.

Siku moja Mama Habiba alinipaka shingoni. Nilipoingia nyumbani, Susu alikuwa akichambua ndengu. Huyu ndiye aliyekemea wasichana wenye hereni kanisani. Alinivuta, akaninusa kwa muda mrefu. Nikangoja kofi.

"Nani amekuletea huyu mtu?"

"Mtu gani, Susu?"

"Susu wangu mimi. Kavata."

Akalia, akacheka, kisha akanifokea nikaoge. Nikiwa na sabuni usoni akaita kutoka nje, "Shingo usioshe!"

Akashika njia kwenda kwa Mama Habiba. Mama na mimi tukamfuata mbio, tukidhani ni vita.

"Umetia sukari," Susu alimwambia. "Yeye hakuwa mtamu."

"Pole, mama. Sikujua alikuwa na watu wake."

"Pika tena. Nitakuonyesha."

Mama alisimama mlangoni, kanga mkononi. "Lakini mama, si ulituambia ni mchawi?"

"Niliwaambia."

"Na sasa?"

"Sasa tunapika."

Jumapili Susu alikaa kiti cha mbele, akinukia moshi na utomvu kanisa zima. Mchungaji alikohoa, akaendelea kuhubiri. Hakuna aliyethubutu kuuliza, na Susu hakulitaja tena jina lile hadi alipozikwa.

Leo marashi ya aina hiyo yanauzwa Kitui mjini katika vichupa vya kupendeza, na wanawake wa kanisa wananunua bila kutazama nyuma. Vijana wanasema Kavata alikuwa shujaa, neno wanalolisema upesi, kama jambo lililokwisha. Mimi nawasikiliza tu. Mtu mmoja niliyemjua aliwahi kukaa mapajani mwa yule mwanamke, na alikufa bila kuniambia kama alimpenda au alimwogopa.