Mtu wa Nyuma wa Akiba

Kosa langu la kwanza lilikuwa kamba. Nilipopewa kazi ya kuchagua mtu wa akiba katika kikosi chetu cha machela, nilichukua kamba ya katani, nikamsimamisha mjomba wangu ukutani, nikapiga fundo pale bega lake lilipofikia. Kisha nikaenda stesheni kutafuta mtu ambaye bega lake lingelingana na lile fundo. Nilidhani nimebuni jambo la akili sana. Nilikagua fundo mara tatu kabla ya kutoka nyumbani, na mara moja tena njiani, kana kwamba fundo linaweza kuhama lenyewe.

Mimi ni mtu wa namna hiyo, bora niseme mapema. Kusoma nilijifundisha mwenyewe, kwa maandishi ya makasha na vipande vya magazeti vilivyofungia sukari katika duka la Mhindi mmoja karibu na soko, na tangu hapo nimekuwa na woga wa kukosea hata herufi moja. Kwa sababu nilijua kuandika, kikosi kilinifanya karani wao. Niliandika nani anabeba, siku gani, njia gani. Ukurasa wenye doa niliunakili upya.

Kikosi chetu kilikuwa cha wabebaji wa kulipwa. Wazungu waliotaka kupanda milimani walituita sisi, kwa sababu tulikuwa hatujawahi kumwangusha mtu. Kwenye barabara pana machela hubebwa na wanne, lakini njia za Mgeta ni nyembamba, na huko mpiko, ule mti machela inaponing'inia, hubebwa na wawili tu, mmoja mbele na mmoja nyuma. Mtu wa mbele huona njia. Mtu wa nyuma haoni kitu ila nguo ya machela na mgongo wa aliyelala. Mkipanda, uzito wote humwegemea yeye. Mkishuka, yeye ndiye breki.

Mtu wetu wa nyuma alikuwa mjomba, ndugu wa mama yangu, aliyenilea kama ilivyo desturi yetu Waluguru. Mtu wa mbele alikuwa Mnyamwezi wa makamo, aliyekuja na misafara ya zamani, akaoa Morogoro, akabaki. Wawili hao walikuwa watani, na walitukanana tangu mguu wa mlima hadi kileleni. Mnyamwezi angesema, "Jiwe mguu wa kulia, kubwa kama kichwa chako," na mjomba angejibu, "Nimeliona, nikadhani ni mkate wa mkeo." Nilizoea kelele hizo kama mtu anavyozoea mlio wa mto. Sikuwahi kujiuliza ni za nini.

Halafu nikaona goti. Msikitini, watu wakiinuka kutoka kwenye sijida, mjomba aliinuka wa mwisho, mkono umeshika nguzo. Ijumaa ya pili ikawa vilevile. Nilipomuuliza alisema mkeka unateleza. Na tulikuwa tumekwisha kukubali kumpandisha Mgeta, siku kumi mbele, bwana mpimaji wa ardhi, mtu mnene kuliko wote tuliowahi kuwabeba. Pasipo mtu wa akiba, mjomba angepanda peke yake mpaka juu, na nilijua hangesema neno hadi goti livunjike. Ndipo nikawaomba wenzangu ruhusa ya kutafuta mtu. Mjomba alikubali kwa shingo upande. Alisema mtu wa akiba ni kama mke wa pili, humletei mtu mpaka umwulize yule wa kwanza.

Stesheni nilimpata mtu kutoka Ngerengere aliyekuwa amebeba mataruma reli ilipokuwa ikijengwa. Bega lake liligusa fundo barabara. Kifua chake kilikuwa kipana kama mlango. Niliandika habari zake ukurasa mzima, kwa mwandiko wangu bora kabisa.

Tulimjaribu kwenye njia inayopanda nyuma ya boma. Machela haijaribiwi tupu, kwa hiyo nililala ndani mimi mwenyewe, daftari kifuani. Mnyamwezi alishika mbele, yule bwana wa Ngerengere nyuma, mjomba akatembea kando. Hatua za kwanza zilikuwa tamu, nikaanza kusinzia.

"Mzizi kushoto," Mnyamwezi akaita. "Inua kwato, ewe punda wa stesheni."

Nyuma kimya. Nikasikia pumzi tu. Baadaye kidogo yule bwana akasema, kwa sauti ya mtu aliyejeruhiwa, "Karani, mwambie mzee huyu mimi sikutukanwa hata na mzungu wa reli."

Hapakuwa na utani baina ya kabila lake na Wanyamwezi, na mimi sikuwa nimeuliza. Mnyamwezi, kwa adabu, akaacha matusi. Lakini pamoja na matusi akaacha na sauti, maana hakuzoea kusema na mtu wa nyuma kwa njia nyingine. Aliita tena mara moja, polepole, kwamba kuna shimo kabla ya kijito. Hakujibiwa. Hakujua kama amesikika, akaendelea. Yule bwana akaingiza mguu shimoni, mpiko ukamponyoka, nami nikaingia majini na daftari langu.

Alinitoa kwa mkono mmoja, akanisimamisha, akanifuta uso kwa shuka yake, huku akiomba radhi mpaka nikaona haya. Alikuwa mtu mwema, na bado tunasalimiana. Lakini nilitazama wino ukitiririka kutoka kwenye ukurasa wangu mzuri, nikalia. Nalisema hili kwa kuwa wenzangu wote waliliona.

Mjomba alisubiri nikamue kanzu. Kisha akaniuliza, mpwa wangu, unadhani tunatukanana kwa sababu hatuna la kufanya? Akanieleza, kama anayemweleza mgeni, kwamba mtu wa mbele hana macho kisogoni. Kila jibu la nyuma linamwambia, nimesikia, nipo, pumzi ninayo. Jibu likichelewa, anapunguza mwendo. Likikatika, mtu wa akiba anaingia. Nilikuwa nimeandika habari za kikosi hiki miaka miwili bila kukijua.

Zilibaki siku nne. Nilizitumia sokoni, nimeketi kwenye kasha, nikisikiliza. Siku ya pili nikamsikia Mnyamwezi wetu akigombana na Mluguru wa Kinole, mtu mfupi aliyeteremka na mananasi kwa mzegamzega, kikapu mbele na kikapu nyuma. Mnyamwezi alidai nanasi la bure kwa haki ya utani. Yule wa Kinole alimwambia nanasi ni la wenye meno, yeye aende kwa wauza uji. Waliendelea hivyo mpaka wanunuzi wakakusanyika, na muda wote vikapu vile vilikuwa begani, havitikisiki.

Nikatoa kamba. Bega lake lilikuwa chini ya fundo kwa upana wa kiganja. Nilirudi nyumbani nimevunjika moyo, nikamwambia mjomba nimempata mtu na nimemkosa.

"Urefu tutauongeza kwa kitambaa," mjomba akasema. "Mdomo ungeuongeza kwa kitu gani?"

Yule wa Kinole akakubali, wenzangu wakamshonea kata nene ya bega, nguo iliyokunjwa mara nyingi, na siku ya safari akaja.

Tulipoanza kupanda, mjomba alishika nyuma, yule mfupi akitembea pembeni mikono mitupu. Hiyo ndiyo sehemu ngumu ya mtu wa akiba, kutembea bure huku mwenzako anatoka jasho, na kuwa tayari bila kuonyesha kwamba unangoja achoke. Mimi nilikuwa nyuma yao, nimelikazia macho goti la mjomba hadi nikajikwaa mwenyewe.

"Kona ya kushoto, mtani," Mnyamwezi akaita. "Ukianguka sikuziki."

"Usinizike. Mimi wewe nitakuzika, kanzu yako naitaka nzima," mjomba akajibu.

Ikaja kona nyingine, ikaja ngazi ya mawe. Majibu yalitoka kwa wakati, tena kwa sauti kubwa, nikaanza kutulia. Mwinuko ukazidi. Mnyamwezi akaita tope. Mjomba akajibu papo hapo, "Kanyaga vizuri, kanzu yako naitaka nzima."

Yule mfupi akageuka kumtazama. Hakumwuliza kitu. Alihesabu hatua mbili, akainama, akaingiza bega chini ya mpiko, akasema kwa Mnyamwezi, "Tope nimeliona, mtani, nikadhani ni uso wako." Machela haikutikisika. Bwana mpimaji aliendelea kukoroma.

Mjomba akabaki amesimama njiani, bega wazi, na hapo ndipo nikaona jinsi mguu wake ulivyokuwa ukitetemeka. Nikampa fimbo. Baadaye nilimwuliza yule wa Kinole alijuaje, maana jibu halikuchelewa. Akasema mtu mwenye mdomo kama ule harudii tusi moja mara mbili akiwa na pumzi. Amerudia, basi kichwa chote kimekwenda kwenye goti.

Mjomba alichechemea nyuma yetu njia yote, akilalamika kwamba kata ile imeshonwa vibaya. Nilipunguza mwendo nikatembea naye. Alinishika bega, na hakuutoa mkono wake mpaka Mgeta.

Sasa yule wa Kinole ndiye mtu wa nyuma, na mjomba, goti lake likiwa nafuu, ndiye wa akiba kwenye njia fupi. Kamba ninayo bado, ila siku hizi nikimchagua mtu namsikiliza kwanza, na kupima napima mwisho.