Nilichora koti la mama mkwe bila kumuuliza, akaja mwenyewe kwa maonyesho

Wakuu, niaje. Wazee, vijana na mathe wote mlio humu, heshima zenu.

Nimekuwa msomaji wa hili jukwaa miaka mingi, mtu wa kupita kimya kimya na kucheka na comments. Leo ni zamu yangu kuongea. Kila kitu nitaandika hapa kilifanyika, na mashahidi ni wengi. Mmoja wao ni wife, amekaa hapa kando ananisoma nikitype. Nikiongeza chumvi atanifinya.

Mimi ni signwriter. Zile kinyozi, salon na butchery unaona mtaani Kaptembwo, hapa Nakuru, zimechorwa, kuna uwezekano mkubwa ni mkono wangu. Ndio, hata yule ng'ombe anacheka akiwa kwa butchery. Nimeulizwa sana. Customer ndio hutaka hivyo.

Sasa, kuna gallery ndogo hapa Nakuru. Usifikirie vioo na AC. Ni chumba kimoja kilikuwa store ya mahindi, kuta zimepakwa chokaa, na mvua ikinyesha bado unasikia harufu ya gunia. Inaendeshwa na Madam Njeri, mwalimu wa art aliyestaafu, mama mfupi wa miwani na sauti ya assembly.

Madam hana mambo ya kungoja msanii mkubwa. Anachagua theme moja, anaiandika na chaki kwa ubao pale mlangoni, na mtu yeyote wa mtaa anaweza kuleta kazi. Theme moja ilikuwa "Mlango". Watu wakaleta picha za milango, lakini fundi mmoja akabeba mlango wenyewe, wa mbao, na bawaba zake. Ingine ilikuwa "Maji". Hiyo watu walileta mitungi hadi wakakosa pa kukanyaga.

Nilifika huko kuwaandikia jina juu ya mlango. Nikimalizia herufi ya mwisho, Madam akaniuliza kutoka chini, "Na wewe huchorangi kitu yako?"

Nikamwambia mimi ni wa mabango tu.

"Sijauliza wewe ni wa nini. Nimeuliza kama unachora."

Theme iliyokuwa inafuata ilikuwa "Nguo za Kazi".

Wakuu, hapo ndio nilijitafutia balaa.

Nilijaribu kufikiria overall, apron, reflector za watu wa barabara. Kila nikishika brush, picha ilikuwa inakuja moja tu: mama mkwe wangu.

Wife anaitwa Chebet. Kwao ni Kuresoi, huko juu kwa baridi na viazi. Mama yake ni mjane, na tangu mzee aondoke, yeye huvaa koti la mzee akienda shamba. Koti refu la blue, kiwiko kina kiraka cha njano, analifunga kiunoni na kamba ya gunia. Tukienda kuwasalimia tunampata ameinama juu ya rundo la viazi akichagua: kubwa huku, za mbegu kule, zilizokatwa na jembe pembeni.

Mimi na yeye hatukuwa na vita. Lakini hatukuwa na story pia. Alikuwa anatarajia msichana wake ataolewa na mwalimu, ama mtu wa Olkaria kwa stima ya mvuke, mtu wa helmet na payslip. Akaletewa mtu wa brush. Kwa harusi alikuja, akakula, akatuombea maombi mafupi. Miaka sita salamu zetu zilikuwa hizi:

"Habari mama."

"Mzuri. Chebet ako?"

Kwisha.

Na heshima ya mkwe kule kwao mnaijua. Huwezi kukaa ukimkazia mama mkwe macho. Mimi nikiingia boma nilikuwa naangalia viazi, naangalia mbwa, naangalia koti. Uso wake, nawaapia, sikuwa naujua.

Kwa hivyo nilimchora kutoka nyuma. Mgongo umeinama, koti, kiraka, kamba, gumboots zina matope, viazi mbele yake. Wiki tatu, kila nikitoka kazi kabla jua lizame. Rangi ya viazi ni ile ile mimi hutumia kuchora mandazi za hoteli, na ilikubali kabisa.

Ikiisha nikamwonyesha Chebet. Akagusa kile kiraka, rangi bado mbichi ikamshika kidole.

"Hiyo ni koti ya baba," akasema. Halafu, "Umeuliza mama?"

Nikamwambia nitauliza.

Sikuuliza. Kabla mnirushie mawe, najua nilikosea. Lakini mwenye amewahi kupigia mama mkwe simu kumwambia "nimekuchora" ajitokeze anipe somo.

Madam Njeri akaipenda sana. Akaipenda hadi akaiweka kwa poster, na poster zikabandikwa mpaka sokoni. Na pale sokoni kuna mama huuza viazi, mzigo wake hutoka Kuresoi. Watu wengine hutambua mtu kwa sura. Huyo alitambua koti. Akapiga simu Kuresoi.

Ijumaa, siku moja kabla ya kufungua maonyesho, nilikuwa juu ya ngazi nachorea mtu kuku kwa ukuta wa hoteli. Chebet akatokea.

"Shuka."

Nikashuka.

"Mama anakuja kesho. Ameambiwa umemtundika kwa ukuta huku Nakuru akiwa na matambara."

"Amekasirika?"

"Ameuliza gari ya kwanza inatoka saa ngapi."

Wakuu, huyo kuku niliporudi kwake nilimmalizia na miguu mitatu. Mwenye hoteli aliniita Jumatatu nifute mmoja.

Jumamosi asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Madam kabla afungue. Nikamwomba tuitoe ile picha. Akanitazama juu ya miwani.

"Ukiitoa, utakuwa umekubali ilikuwa matusi. Ilikuwa matusi?"

"Hapana."

"Basi simama karibu nayo."

Nikasimama. Watu wakaanza kuingia. Kuna jamaa wa Olkaria alikuwa ametundika overall yake ya kazi, imeungua mkono mmoja, na chini yake michoro ya mabomba ya mvuke. Kuna mama wa chapati alileta apron saba, kila moja imevaliwa hadi ikakonda. Ilikuwa maonyesho poa sana. Mimi sikuona chochote, nilikuwa naangalia mlango.

Saa tano hivi, akaingia. Suti ya maroon, kofia ya kanisa, viatu vinang'aa, handbag imeshikwa kifuani. Nyuma yake mama wawili wa church yao. Wakapita overall, wakapita apron, moja kwa moja mpaka kwa picha.

Chebet alinishika shati kwa nyuma, sijui alikuwa ananizuia kukimbia ama anajishikilia.

Mama mkwe akasimama pale. Chumba chote kikashtukia kuna kitu, watu wakasogea. Mmoja wa wale mama akanong'ona, "Si hata ni wewe kabisa." Mama mkwe akamnyamazisha na mkono.

Halafu mama mkwe akaongea, bila kugeuka.

"Hii kiraka, nani alikwambia nilishona na uzi mweupe?"

"Niliuona, mama."

Akasogea karibu zaidi.

"Na za mbegu umezitenga na hizi kubwa."

"Ndio, mama."

"Kumbe huwa unaangalia."

Sikujua hiyo ni sifa ama ni charge sheet.

Akageuka sasa, lakini akaongelesha wale watu wote.

"Nimeambiwa nimechorwa na matambara. Hii ni koti ya mzee wangu. Ikikaa kwa msumari, mimi huona kama ametoka kidogo na anarudi, na harudi. Kwa hivyo niliitoa nikaivaa. Afadhali ifanye kazi."

Yule jamaa wa Olkaria alivua kofia. Mama wa chapati akapangusa macho na moja ya zile apron zake ukutani, kazi ya sanaa hiyo, na Madam akaangalia kando.

Halafu mama mkwe akaniuliza mimi, moja kwa moja:

"Lakini mbona hukuweka uso?"

Wakuu, kuna wakati uongo unakataa kuja. Nikasema vile ilikuwa.

"Mama, uso wako sijawahi kuuangalia vizuri. Nilikuwa naweka heshima."

Halafu Madam Njeri akaanguka kicheko. Wale mama wa church wakafuata. Halafu yeye mwenyewe. Miaka sita sikuwa nimemsikia mama mkwe akicheka. Ana kicheko kikubwa, cha mtu amezoea kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya bonde.

Akavuta kiti cha plastic, akakaa katikati ya chumba, handbag kwa magoti, akanyoosha kofia.

"Haya. Angalia sasa."

Madam alikuwa tayari ameniletea ubao, karatasi na kipande cha makaa ya kuchorea.

Karatasi ya kwanza nilikunja, ya pili nikakunja. Ya tatu ikaanza kushika. Nikaona ana kovu dogo juu ya nyusi. Nikaona macho ni ya Chebet, kabisa kabisa. Nikaona akijaribu kukaa serious, upande mmoja wa mdomo unakataa.

Na hakukaa kimya! Kuna mtu alimuuliza kuhusu viazi, ikawa darasa. Akawaambia kiazi cha kuweka store hakioshwi, utakiozesha. Akawaonyesha kwa picha yangu, na kidole, vile mbegu nzuri inakaa. Watu waliacha kuzunguka ukuta wakamzunguka yeye. Katikati ya hayo yote akanigeukia:

"Kwani mama yako ako wapi? Mbona hujawahi kumleta kwangu?"

Nikamwambia ako hapa tu Nakuru, ni goti humsumbua.

"Mlete. Si goti litapewa kiti?"

Tulitundika ule mchoro kando ya ile painting, uso kando ya mgongo, na watu walikaa hapo kuliko mahali pengine popote. Maonyesho yakiisha, zote mbili zilienda Kuresoi. Chebet ananiambia wageni wakiingia, mama anawaonyesha kiti cha kukaa, na ni kile kinaangaliana na ukuta huo.

Mathe wangu nilimpeleka wiki iliyopita. Mimi nilitarajia wataangaliana tu. Niliwaacha jikoni wakimenya viazi, nikarudi nikapata wananiongea. Mama mkwe anamuuliza mathe kama nilianza kuchora nikiwa mdogo, na mathe anamwambia vile nilikuwa nachapwa kwa kuharibu ukuta.

"Ulimchapa bure," mama mkwe akasema, na akaendelea kumenya.

Mimi nilirudi nje kuangalia mbwa. Macho yalikuwa na shida kidogo.

Funzo langu wakuu: uliza kabla ya kuchora mtu, hiyo moja. Lakini pia heshima isikufanye uishi na mtu miaka sita hujui ana kovu juu ya nyusi. Kuna watu wetu tunawajua kwa koti tu.

Wenye mama mkwe, wenye baba mkwe, mlivunja aje hiyo barafu ya kwanza? Na kama kuna mtu ako Nakuru, theme imeshaandikwa tena pale kwa ubao: "Kiti". Beba chako uje, hata kama ni kigoda. Comments ziko wazi, nikosoeni polepole, wife anasoma zote.