Swali Lililonikalisha Benchi la Nyuma

Katika kanisa letu pale Bisibo, benchi la mwisho karibu na mlango lina watu wake. Hukaa hapo waliotengwa: binti aliyepata mimba kabla ya ndoa, mwanamume aliyeongeza mke wa pili, na mara mojamoja mlevi aliyezidisha. Mtu wa benchi hilo hashiriki chakula cha Bwana mpaka siku atakayopiga magoti mbele ya washarika, akatubu, akarudishwa kundini. Mimi nilikalishwa hapo kwa sababu ya swali.

Nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu, nimerudi nyumbani kungoja ajira, na kungoja ajira nchi hii ni kazi yenyewe. Mchana nalima mihogo na mama, Alhamisi jioni nakwenda naye kwenye somo la Biblia. Mama ndiye mwinjilisti wetu. Mchungaji hufika mara moja kwa mwezi, tena akipata usafiri. Siku nyingine zote anayehubiri, anayezika na anayekesha na wagonjwa wasio na ndugu ni mama. Nasema bila aibu kwamba sijaona mtu anayefanya kazi kama yeye. Nimemwona akienda kuzika mtoto wa Wasukuma, wafugaji waliohamia juzi tu na ambao hawajawahi kukanyaga kanisani, mvua inamnyeshea, na alipomaliza akauliza kama ng'ombe wao wamepata wa kuwachunga.

Alhamisi hiyo tulisoma mwisho wa Injili ya Marko. Kwenye Biblia yangu mistari ya mwisho imefungwa kwenye mabano, na chini kuna maelezo ya herufi ndogo kwamba nakala za kale kabisa hazina maneno hayo. Nikauliza: basi nani aliyaongeza? Na kama mtu aliongeza hapa, tunajuaje kwamba hakuongeza kwingine? Akina nani walikaa wakaamua kitabu hiki kiingie, kile kibaki nje? Sikuuliza kwa ujeuri. Maswali hayo yalikuwa yananinyima raha tangu chuoni, na nilikuwa nimefika mahali sijui tena kama ninaamini au nimezoea tu.

Mwenyekiti wa wazee wa kanisa, Msubi, mwenyeji wa hapa, ambaye hata kikohozi chake kina mamlaka, akafunga Biblia yake na kusema tuombe. Jumapili iliyofuata nikatangaziwa benchi la nyuma kwa kosa la kulitilia shaka Neno.

Sasa, ambao hawakuja siku hiyo, pamoja na waliokuwa wamesinzia, na hao si haba, walisikia tu kwamba binti wa mwinjilisti ametengwa. Hawakuhitaji kuambiwa zaidi. Wiki haijaisha, mimi tayari nina mimba. Jirani akaniletea maziwa na kunionya nisibebe ndoo nzito. Mama mdogo akapiga simu kutoka Kanazi, kule Ngara walikozaliwa yeye na mama, anataka kujua mwanamume ni nani na watu wake watakuja lini. Nikamwambia shikamoo mama mdogo, hakuna mwanamume, niliuliza swali tu. Akasema marahaba, wote huanza hivyo hivyo. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, halafu nikajikuta nalia kweli. Mimba walikuwa wameshanisamehe. Swali hawakujua walifanyeje.

Kisha mwenyekiti akaja nyumbani. Alikunywa chai, akaulizia mihogo, ndipo akamwambia mama, kwa heshima zote, kwamba Jumapili ya mchungaji ama mimi nitatubu mbele ya washarika, ama yeye mama atavua joho la uinjilisti. Mama akajibu kwamba amesikia. Jioni alipakua ugali, akaniwekea kipande kikubwa cha samaki, akaanza kuzungumzia magugu. Laiti angenigombeza, ningejua pa kushika.

Nikaamua kutubu. Nilikuwa nani mimi hata nimnyang'anye mama yangu madhabahu? Baba alishafariki, sisi watoto tulitawanyika, na kazi hiyo ndiyo iliyokuwa inamwamsha asubuhi. Jumamosi nikamwambia kwamba nitapiga magoti. Alikuwa anapiga pasi joho lake. Aliniangalia kidogo, akasema sawa, akaendelea.

Kanisa lilijaa siku hiyo, wengine nadhani walikuja kuangalia tumbo. Mchungaji aliponiita nilitembea mpaka mbele, nikapiga magoti. Mwenyekiti akanitajia maneno ya kufuatisha: kwamba natubu shaka yangu, na kwamba tangu leo nayaamini yote wala sina swali. Mama alikuwa amesimama kando ya madhabahu. Nilikuwa nimefika nusu ya maneno hayo aliposema ngoja, akashuka, akanishika mkono na kuninyanyua.

"Huyu anadanganya," aliwaambia washarika. Hakupaza sauti. "Anadanganya kwa ajili yangu. Nimesimama hapa miaka yote nikiwaambia mseme kweli, sasa siwezi kumwangalia mwanangu akidanganya mbele za Mungu ili mimi nibaki na joho. Mungu ninayemtumikia haogopi kuulizwa."

Mwenyekiti akamwambia taratibu kwamba anajua kinachofuata. Mama alijua. Akavua joho, akalikunja vizuri, mikono kwanza, akamkabidhi mchungaji kwa mikono miwili. Mchungaji alilipokea huku anaangalia sakafu. Moyo wangu ulijaa fahari, na papo hapo nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mpaka leo hajarudishiwa, ingawa msiba ukitokea watu bado humfuata yeye kwanza.

Njiani, katikati ya mahindi, nilimlaumu. Nilimwambia maneno yale yangekwisha kwa dakika moja na kila mtu angekwenda kula. Yeye akakaa kwenye tuta, akavua viatu vilivyokuwa vinambana, akaanza kunisimulia kwa Kihangaza, lugha ya kwao Ngara, kama afanyavyo jambo likiwa zito.

Alisema mwaka wakimbizi walipovuka mpaka kwa maelfu baada ya mauaji ya nchi jirani, alikuwa msichana, yeye na wenzake walikuwa wanapeleka ndizi kambini Benaco. Jumapili moja alikuta watu wanasali humo, wanaimba nyimbo zile zile za kanisa lake, wanafungua Biblia ile ile. Baadaye akaambiwa kwamba katika wale waliokuwa wanaimba kulikuwa na waliofiwa, na kulikuwa na walioua. Akajiuliza kitabu hicho kiliwaambia nini, na kama hawa walikisoma wakafanya yale, yeye anakisoma kwa matumaini gani. Aliolewa akiwa na swali hilo. Alikwenda nalo kwenye mafunzo ya uinjilisti, akapanda nalo madhabahuni, akazika nalo watu wote wale, anaamini na bado analo.

Nikamwuliza kwa nini hakumwuliza mtu yeyote.

"Nimetafuta miaka yote mtu wa kumwuliza," alisema. "Kumbe nilikuwa nimemzaa mwenyewe."