Konzi Mbili za Kida

Mke wangu Hamutali alikulia kwenye manukato. Mama yake alichanganya mafuta ya maharusi na ya maiti hapa hapa Yerusalemu, katika Mtaa wa Waokaji, na Hamutali akarithi kwake kinu, pua kali na sharti moja: manemane, mdalasini, mwanzi wa kane na gome la kida visikae vyote chini ya paa moja. Vinne hivyo vikikutana kwa kipimo fulani huwa mafuta ya Hekalu. Anayeyatengeneza nyumbani kwake, au kumpaka mtu asiye kuhani, hukatiliwa mbali na watu wake. Kwa hiyo miaka ishirini na miwili kida yetu ilikaa kwa kaka yangu, ng'ambo ya kichochoro.

Mwaka ule mvua ya kwanza ilitoboa paa la kaka. Nikaihamishia kida kwetu, nikaiweka karibu na kinu. Nilisema ni kwa siku mbili tu.

Kesho yake asubuhi mama yangu, Yekolia, aliamka analia kwa maumivu ya magoti.

"Hamutali mwanangu, nipake chochote, hata matope!"

Zeituni zilikuwa bado mtini na mtungi wetu wa mafuta ulikuwa mkavu, basi nikayeyusha mafuta ya kondoo. Hamutali akatupia humo vilivyokuwa karibu, konzi kwa konzi, bila mizani, maana watu wa nyumbani huwa hawapimiwi. Akamkanda. Mama akanyoosha mguu, akacheka, akatoka kwenda kuketi mlangoni.

Ndipo nikamwona Hamutali amesimama na mikono juu, kama iliyoungua.

"Manemane nilitia ngapi?"

"Konzi mbili."

"Mdalasini?"

"Moja. Na kane moja."

"Na kida mbili," akamalizia mwenyewe. "Baba Tirsa, ndicho kipimo chenyewe. Mama yangu mzazi alinionyesha kwa vidole. Mbili, moja, moja, mbili."

Binti yetu Tirsa alikuwa ameposwa. Nani angeoa kwa watu waliokatiliwa mbali? Nani angekula nasi, nani angetuzika?

Nje, mama alikuwa ameshapandisha nguo juu ya magoti, anawaita wapita njia.

"Njooni mnuse! Mkwe wangu ana mikono, nyinyi mna vidole tu!"

"Bibi, leo unaolewa?" akauliza muuza mikate.

"Naolewa, na wewe hukualikwa!"

"Mbona unanuka kama ua wa Hekalu?"

Nilimvuta mama ndani kwa bega, nikafunga mlango. Tulipomweleza, akanong'ona, "Semeni mlitia kida konzi tatu. Nani alihesabu?"

"Mimi nilihesabu, mama," akasema Hamutali.

Alijisugua mikono kwa majivu mpaka ngozi ikawa nyekundu. Harufu haikutoka. Kila hatua iliyopita kichochoroni ilitugeuza tutazame mlango. Mwishowe akajifunika kichwa, akabeba mtungi wenye mafuta yale. "Nakwenda kusema mwenyewe kabla hawajaja kuniuliza."

Nikamfuata.

Kuhani Yedaya, mzee anayesikiliza mashauri ya watu langoni pa Hekalu, alikuwa na watu kama kumi mbele yake. Hamutali akaweka mtungi chini, akaeleza yote: mbili, moja, moja, mbili. Kuhani akarudi nyuma hatua moja.

"Mama, unajua unachosema?"

"Najua, bwana kuhani."

"Umempaka nani?"

"Mama mkwe. Magotini."

Mtu mmoja nyuma yetu alicheka, kisha akaacha ghafla.

"Na mafuta ya zeituni, ulitia kiasi gani?"

Hamutali akanigeukia. Alikuwa amehesabu manukato tu, na mimi pia. Mbele za watu mimi si msemaji. Hata siku ya posa yangu kaka ndiye aliyenisemea. Lakini mafuta yale niliyayeyusha mimi.

"Hayakuwa ya zeituni," nikasema.

"Sema kwa sauti."

"Ya kondoo, bwana kuhani. Ya mkia."

Akainama, akafungua mtungi, akanusa kwa muda mrefu. Nilitazama mawe yaliyokuwa miguuni pake. Sikuthubutu kumtazama usoni.

"Kondoo," akasema. "Tena kondoo mzee." Hakuwa anacheka. "Siyo yenyewe; yale ya Hekalu huwa ya zeituni. Lakini mama, umepita ukingoni kabisa. Kayafukieni, na asipakwe mtu tena."

Hamutali akaketi palepale juu ya mawe.

Tuliyafukia nje ya ukuta. Mama alilalamika mwezi mzima kwamba tumemzikia magoti yake. Kida niliirudisha kwa kaka jioni ile ile, chini ya paa linalovuja, ikaota ukungu, na hakuna aliyeisikitikia. Tirsa aliolewa baada ya mavuno ya shayiri.

Na Hamutali, mpaka leo, hata akitaka kumpaka mjukuu mafuta matupu, hunusa kwanza viganja vyake, kisha hunigeukia.

"Baba Tirsa, hebu nusa na wewe."